Chombo Hakirudi Kitupu

Kwaru, kwaru, kwaru. Ndiyo sauti iliyokuwa ikiniamsha gizani, kabla ya adhana ya alfajiri. Mgeni angedhani ni panya. Alikuwa mama mkwe wangu, Bi Mwanaamina, akisugua viganja vyake kwenye kamba za kitanda. Mafuta ya ganda la korosho yakikuingia kwenye ngozi miaka na miaka, muwasho wake hauna saa wala dawa. Alijikuna polepole ili nisisikie, na mimi nililala kimya ili asijue kuwa nasikia. Tuliheshimiana hivyo.

Nyumba yetu ilikuwa Kisarawe, chini kidogo ya boma. Mume wangu Abeid alifariki kwa homa wakati binti yetu Zubeda anajifunza kukaa. Nilipomaliza eda, mama yangu mzazi alikuja kutoka Janga, upande wa Kibaha, kunichukua. Sikwenda. Abeid alikuwa mtoto pekee wa Bi Mwanaamina, na vidole vya mama huyu vilikuwa vimekakamaa hata fundo la kanga hakuweza kulifunga. Ningemwachia nani? Nikabaki, na kazi yake nikairithi mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa kubangua korosho. Unazikaanga kwenye debe lililotobolewa, moshi unakutoa machozi, halafu unagonga moja moja kwa gongo mpaka kokwa itoke. Tulijipaka majivu mikononi, lakini mafuta yale hayakosi njia. Ngozi huwa nyekundu, kisha nyeusi, kisha inamenyeka kama kiazi kilichochemshwa. Wanawake wengi wa mtaa wetu walikuwa na mikono hiyo. Tulipopeana mikono kwenye arusi, tulishikana ncha za vidole tu.

Siku moja Zubeda alianguka akalia, nami nikamfuta machozi kwa kidole. Kidole kimoja, na nilikuwa nimenawa. Asubuhi shavu lake lilikuwa limejaa malengelenge.

Tangu siku hiyo nilimshika kwa viwiko. Nilimpandisha mapajani kwa viwiko, nikamsogeza kifuani kwa viwiko, mikono yangu nikaiacha hewani kama mtu anayeomba dua. Mtoto akazoea. Akitaka kubebwa alinyanyua mikono, akasema, "Viwiko." Jirani yetu Mwamini, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alikuwa akicheka: "Huyu ataolewa, atamwambia mumewe, nishike kwa viwiko."

Lakini kuna mambo ambayo viwiko havifanyi. Huwezi kumwogesha mtoto kwa viwiko. Huwezi kumsuka, wala kumtoa mwiba mguuni. Bi Mwanaamina alivumilia kututazama, halafu jioni moja akasema, bila kuniangalia, "Mpeleke Janga, mwanangu. Huko kwa bibi yake kuna mikono."

Nikampeleka. Tulikwenda kwa miguu kupitia Kibaha, tukalala kwa ndugu, kesho yake nikamkabidhi kwa mama yangu. Nikarudi peke yangu, na njia ile ile ilikuwa ndefu zaidi.

*

Jioni nilikuwa nikienda darasa la kina mama pale barazani kwa mwalimu. Tulisoma kwa taa ya chemli, na mimi nilishika chaki kwa kitambaa. Ni huko nilikosikia kwanza habari za Bwana Holt. Karani wa kilimo, Husseini, aliingia akatangaza kwamba kuna mzungu amekuja kutoka chuo kikuu kimoja cha Uingereza, mtu wa kuunda mitambo, na anatafuta wanawake wa kujaribu mashine ya kubangulia korosho.

"Mashine inayokula nini?" Mwamini akauliza.

"Haili kitu. Inakanyagwa kwa mguu."

"Basi ni mume," Mwamini akasema, na darasa lote likavunjika mbavu, mwalimu pamoja.

Bwana Holt alikuwa kijana mrefu, mwenye masikio mekundu kwa jua. Mashine akaiweka kwenye kibanda cha Pazi, seremala wetu, kwa sababu palikuwa na kivuli na sakafu ngumu. Ilikuwa na kanyagio chini na taya mbili za chuma juu. Unaiweka korosho kati ya taya kwa kibanio, unakanyaga, taya zinakata ganda pande zote, kokwa inadondoka kwenye bakuli na ganda kwenye ndoo. Mkono haugusi chochote.

Mara ya kwanza nilipokanyaga na kokwa ikaanguka nyeupe, nilitazama vidole vyangu. Vilikuwa vikavu.

"Hii si zawadi, mama," Bwana Holt alimwambia Bi Mwanaamina, na Husseini akatafsiri. "Ni ya kujaribu tu."

"Nimesikia," Bi Mwanaamina akajibu. "Chombo cha jirani."

Ilikuwa na tatizo moja. Korosho zetu hazilingani, na zile ndogo zilichopoka kwenye taya zikaruka kama panzi. Bwana Holt alijaribu ngozi, akajaribu kitambaa, akajaribu bati. Siku moja Bi Mwanaamina, aliyekuwa akija kukaa tu na kutazama, aliokota kipande cha kumbi la nazi alichokuwa akisugulia sufuria, akamwambia Pazi akibane ndani ya taya. Korosho hazikuruka tena. Nyuzi za kumbi zilizishika, kubwa na ndogo. Bwana Holt akacheka kwa furaha, akamshika Pazi bega. Wala hakuona haya kwamba bibi ndiye aliyeliona. Alikuwa mtu wa kujaribu, na alimpenda kila aliyejaribu pamoja naye.

Kesho yake akaja na karatasi, na uso wa kazi. Tulikaa kibandani, yeye na Husseini upande mmoja, sisi upande wa pili.

"Nitaandika habari za mashine kwa chuo changu," akasema. "Hilo la kumbi ni lenu. Nataka niandike kwamba ni lenu, majina yenu yawemo, mama huyu na fundi."

Husseini alipotafsiri, nikaona Bi Mwanaamina anavuta kanga yake mabegani kama mtu aliyepigwa na upepo.

"Muulize," akasema, "nimemkosea nini."

Bwana Holt akashangaa. "Hujanikosea kitu, mama."

"Jirani akikuletea uji kwenye bakuli lake, bakuli unalirudishaje? Linarudi na ndizi, linarudi na chumvi, hata maji ya kunywa. Chombo hakirudi kitupu. Huyu bwana kaniletea chombo, nami nimemtilia kipande cha kumbi. Sasa anataka kuandika kwamba kumbi ni langu, ndani ya bakuli lake? Ili nije kumdai siku moja? Mtoto wa watu atanionaje?"

Husseini alitafsiri, kwa urefu. Bwana Holt akajikuna shingo. "Mwambie kule kwetu si kudai. Jina likiwamo, chuo hakiwezi kufanya neno juu ya mashine bila kuwauliza."

"Basi wasituulize," Bi Mwanaamina akasema. "Tumempa. Pazi, si tumempa?"

"Tumempa," Pazi akasema, maana angesema nini kingine mbele ya mama wa umri ule.

Mimi ndiye niliyejua kusoma kuliko wote pale, ukimtoa karani. Lakini mke wa mwana hampingi mkwewe mbele ya mgeni, na kusema kweli, nami niliona Bi Mwanaamina kasema vizuri. Niliona fahari. Nilisoma maneno tuliyowekea dole gumba: kwamba mashine na nyongeza yake yote ni ya chuo. Bi Mwanaamina akasema, "Mwandikie pia, tunamshukuru." Bwana Holt akaandika.

*

Bwana Holt alipoondoka aliiacha mashine, ili tuendelee kuijaribu na Husseini apeleke habari zake. Tuliitumia kwa zamu. Msimu wa korosho ulipopita, mikono yangu ilianza kurudi. Kwanza ngozi nyeusi ilibanduka, chini yake ikatoka nyingine, ya waridi, nyembamba kama ya mtoto. Nikawa napapasa vitu: unyuzi wa mkeka, mgongo wa sufuria, unga. Mikono hiyo nilikuwa nimeisahau.

Nikaenda Janga kumchukua Zubeda.

Alisimama mlangoni kwa mama yangu, ameshika mwimo, akanitazama kama anatazama mgeni wa bibi. Niliponyoosha mikono alirudi nyuma. "Inaunguza," akamwambia bibi yake.

"Haiunguzi tena," nikasema. "Njoo ujaribu."

Alikuja na kidole kimoja. Akanigusa kiganjani, akakitazama kidole chake, akasubiri. Halafu akaweka kiganja kizima. Mama yangu akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Miezi iliyofuata nilimwogesha mwenyewe. Nilimsuka kila Ijumaa, mtoto kati ya magoti yangu, kichwa chake kikiwa na joto na harufu ya mafuta ya nazi, naye akilalamika kwamba navuta. Nilivuta kusudi, kidogo, ili nimsikie akisema, "Mama, mikono yako ina nguvu." Usiku alilala ameshika kidole changu cha shahada, kile kile kilichomuunguza.

Bi Mwanaamina alikuwa akikaa karibu nasi, mikono yake mapajani. Yake haikurudi, ilikuwa imechelewa. Alfajiri bado nilisikia kwaru, kwaru. Lakini siku moja alisema, "Abeid nilimlea hivi hivi, kwa viwiko. Hakupata kujua kiganja changu. Nimeshukuru kuona hiki."

Pazi naye alianza kuunda mashine ya pili, fremu ya mninga, taya akizifua kwa chuma cha springi ya lori. Alitaka kila nyumba ya zamu yetu iwe na yake. "Na ya Mwamini nitaitia kengele," akasema, "ili mumewe ajue anakanyagwa nani."

*

Bwana Holt alirudi baridi ya kipupwe ilipoingia. Landrova yake ilisimama mbele ya kibanda, na alipokuwa akishuka nikaona hacheki. Alimwamkia Bi Mwanaamina, "Shikamoo, mama," kwa Kiswahili alichojifunza, na Bi Mwanaamina akamwitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Alikaa kwenye kigoda. Alisema na Husseini kwa muda, na Husseini akawa anaangalia chini.

"Sema, bwana karani," Bi Mwanaamina akasema. "Msiba ukikawia hauwi arusi."

"Anasema hivi," Husseini akaanza. "Mtu wa chuo akibuni kitu akiwa kazini kwa chuo, kitu kile si chake. Ni cha chuo. Sasa chuo hakina kiwanda. Kwa hiyo kinatafuta kampuni yenye kiwanda, kinaipa leseni: wewe tengeneza, wewe uza, nasi tupatie sehemu. Sehemu hiyo ndiyo inalipia wanaobuni vingine."

"Kama mzee mwenye minazi," Bi Mwanaamina akasema. "Hawezi kukwea, anampa mkwezi, wanagawana madafu."

Bwana Holt alipotafsiriwa akatikisa kichwa kukubali. "Hivyo hivyo, mama."

"Hilo si baya."

"Si baya," akasema. "Lakini kampuni iliyokuja ilitaka leseni ya peke yake. Mkwezi mmoja, na mwingine yeyote asiuguse mti. Chuo kikakubali."

"Na huyo mkwezi anakwea lini?"

Bwana Holt alikuwa akigeuza kofia yake mikononi. "Mkataba haukumlazimisha kukwea," akasema. "Wana mashine zao kubwa huko ng'ambo. Wananunua korosho zenu na maganda yake, wanazibangua huko. Mashine ya mguu, kila nyumba na yake, haiwafai. Wameichukua leseni ili asiichukue mwingine."

Husseini alirudia neno hilo la mwisho mara mbili, maana mara ya kwanza tulidhani hatukuelewa. Nilifikiri juu ya mti uliozungushiwa miiba, nazi zikikauka juu na kuanguka zenyewe. Hata mchawi hafanyi hivyo kwa mti wake.

"Na hii?" nikauliza. Nilikuwa sijapata kusema mbele yake. "Hii iliyopo hapa?"

"Wanataka zote za majaribio zirudi. Nimeomba iachwe. Nimeandika mara nyingi." Akanitazama, akajua ninachouliza, maana Zubeda alikuwa amekaa mapajani kwangu, mkono wangu tumboni kwake. "Samahani, mama Zubeda."

Pazi akaweka randa yake chini. "Na hii ya mninga ninayoiunda mimi?"

"Usiimalize, fundi. Tafadhali. Bomani wameshaletewa habari."

"Muulize, bwana karani, kama kuwaza nako kuna leseni."

Husseini hakutafsiri. Kazi nyingi za Pazi zilitoka boma, milango na madawati, na wote wawili walijua.

Bwana Holt akasema jambo jingine kwa sauti ndogo. Husseini alisita, kisha akalitoa. "Anasema, kama majina yenu yangeandikwa siku ile, chuo kisingeweza kutoa leseni bila ninyi kukubali. Angekuwa na neno la kuwaambia wakubwa wake. Anasema hakulisemea vya kutosha siku ile, ni kosa lake."

Nje mtu alikuwa akipita na mbuzi, na kengele ya mbuzi ikaenda ikafifia.

"Kwa hiyo adabu yangu ndiyo iliyotufunga," Bi Mwanaamina akasema.

"Hapana, mama," Husseini akasema mwenyewe, bila kumtazama mzungu.

"Usinifariji, mwanangu. Nimeuliza nijue." Alitazama viganja vyake, kisha akavifunika kwa kanga. "Nilifundishwa kwamba mtu akikupa, ukimrudishia, mambo yameisha vizuri. Sikufundishwa kwamba kuna watu wanalichukua bakuli, ndizi, na mgomba."

Walipokuwa wakiipakia mashine kwenye sanduku lake, Bi Mwanaamina alinituma nyumbani. Nilimletea kikapu alichotaja. Ndani yake kulikuwa na kokwa nyeupe tulizobangua wiki ile, zisizovunjika hata moja, amezifunga kwenye jani la mgomba. Aliinama akaziweka ndani ya sanduku, kando ya taya.

Bwana Holt alijua maana yake. Alikuwa amekaa nasi muda wa kutosha. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko siku ya kwanza. "Mama, sistahili."

"Si wewe," Bi Mwanaamina akasema. "Ni chombo."

*

Pazi aliukata mninga wake akatengeneza kigoda kidogo, akampa Zubeda. Taya za springi alizitupa nyuma ya kibanda, kisha baada ya siku chache nikamwona akizitafuta kwenye majani, akaziweka mahali.

Msimu ulipofunguliwa nilikaanga korosho, nikajipaka majivu, nikashika gongo. Mwamini alikuwa kando yangu. Alikuwa na maneno machache mwaka huo. "Mume wetu katuacha," akasema, na hakuna aliyecheka. Ngozi mpya ni laini kuliko ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa angalau imezoea. Siku ya tatu sikuweza kukunja vidole.

Bado nakwenda darasani jioni. Mwalimu anasema huenda mwakani wakahitaji mama wa kuwafundisha wanaoanza, naye atanitaja. Nimemwambia mikono yangu inashika chaki. Iliwahi kupona mara moja, na kitu kilichopona mara moja kinajua njia. Nimejifunza pia kuandika jina la Bi Mwanaamina, lote, na la baba yake. Nimemwonyesha. Alilitazama sana, akaniuliza kama hivyo ndivyo linavyokuwa, nikasema ndiyo. Kuna siku mtu atatuletea tena chombo, na siku hiyo kitarudi na kumbi na jina.

Lakini mtoto hangojei mwakani. Mama yangu alikuja jana kutoka Janga. Leo asubuhi alikuwa tayari, kifurushi cha nguo za Zubeda kichwani, kigoda cha mninga kwapani, kwa sababu mtoto mwenyewe alikataa kukiacha. Bi Mwanaamina alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza akisema, "Mwendo mwema, mwendo mwema," kama anayehesabu tasbihi.

Nilitoka nikiwa nimeficha mikono nyuma, nimeifunga matambara. Nilikuwa nimepanga nimuage hivyo hivyo kwa mdomo, aende akiwa anakumbuka vile vidole vya Ijumaa, na si hivi. Nikasema, "Nenda na bibi, nitakuja." Nikasema, "Usimsumbue." Nilikuwa na mengine ya kusema.

Zubeda alinitazama usoni, akatazama mabega yangu mahali mikono inapoanzia. Akamwachia bibi yake mkono. Alikuja mpaka mbele yangu, akainua mikono yake miwili juu, akasema, "Mama, nishike kwa viwiko."